Mkoko wa Nje au wa Nyumbani?

*Mmeshajichanga, mmeshakubaliana kununua gari, na sasa ubishi umehamia mezani: tuagize Japani, tuchukue la mkononi hapahapa, au tuwaunge mkono wanaounganisha magari kwetu? Tumelipeleka swali hili Bonde la Kilombero, mahali ambapo barabara haimuonei mtu haya.*

Anayedhani kwamba cha nje siku zote ni bora kuliko cha nyumbani, aende sokoni Dar es Salaam akaulizie mchele. Mteja anayejua chakula hasemi tu "nipimie mchele". Anauliza: huu ni wa Kyela? Huu wa Kilombero? Jina la mahali ndilo linalouza, na mchele uliokuja na meli kutoka Asia unakaa pembeni ukimsubiri anayebana matumizi. Mtu wa Ifakara amekulia ndani ya ushahidi huo. Hahitaji semina ya kumwambia kwamba cha kwetu kinaweza kuwa na kiwango.

Lakini mguse kwenye gari, uone! Uzalendo wote unabaki kwenye sahani ya wali. "Mimi nataka la Japani, tena lisiwe limeguswa na Mbongo." Mwenzake naye anajibu kwamba hela ya kuagiza ni nyingi, kuna Noah safi inauzwa mtaa wa pili, mwenyewe wanamfahamu. Chakula kinapoa. Wiki inapita. Wawili waliokubaliana idadi ya watoto wanashindwa kukubaliana juu ya tairi nne.

Msomaji, ubishi huu si mdogo. Baada ya kiwanja na nyumba, kwa vijana wengi walio kazini gari ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote watakavyonunua pamoja. Mkikosea sofa mtaikalia hivyohivyo. Mkikosea gari, litakula akiba, litakula wikiendi, na mwisho litaanza kula maelewano. Kwa hiyo tulipime taratibu.

Cha nyumbani ni kipi?

Kwa Mjapani au Mjerumani jambo ni jepesi: gari la ndani ni lile lililobuniwa na kutengenezwa kwao. Kwetu maneno "la nje" na "la ndani" yana maana za mtaani, na ndiyo maana watu hubishana bila kuelewana. Tuyagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni gari la kuagiza. Limetumika Japani kwa miaka kadhaa, limepanda meli, limeshuka bandari ya Dar es Salaam, limelipiwa ushuru na kupewa namba mpya. Fungu la pili ni gari la mkononi, "la Bongo". Nalo kwa kawaida lilitoka hukohuko Japani, ila limeshaishi na sisi. Umri wake wa hapa nchini unausoma kwenye namba: herufi ya kwanza baada ya tarakimu, A, B, C, D na sasa E, inakueleza lilisajiliwa zama zipi. Fungu la tatu ni gari lililounganishwa hapa Afrika Mashariki, na hili ndilo wengi hawalijui, kwa hiyo tuanze nalo.

Kibaha hadi Mombasa

Ukitoka Ifakara kwenda Dar unapita Kibaha. Pale, enzi za Mwalimu Nyerere, Tanzania ilijaribu kuwa nchi yenye magari yake. Kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania, na Shirika la Nyumbu, lililo chini ya jeshi, likabuni lori la Kitanzania. Jina lilichaguliwa vizuri: nyumbu si mnyama wa maonyesho, lakini hakuna anayemshinda kwa safari. Lori hilo halikufika mitaani kwa wingi, ila wazo lilikuwa sahihi. Walijiuliza kwanza gari litapita barabara gani, kisha ndipo wakafikiria sura yake.

Majirani nao hawakulala. Kenya ilionyesha gari lake la Nyayo Pioneer mwaka 1990, chini ya Rais Moi, baada ya kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Yalitengenezwa machache ya majaribio, na kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikupatikana. Baadaye ikaja kampuni ya Mobius, nayo ya Kenya, na gari gumu la bei ya chini kwa ajili ya barabara mbovu. Agosti 2024 ilitangaza kwamba inafungwa kwa kulemewa na madeni, kabla ya kupatikana mnunuzi wa kuichukua. Uganda ilitembeza gari lake la umeme, Kiira, mwaka 2011, na shughuli hiyo ikahamia zaidi kwenye mabasi.

Je, hii ina maana kwamba cha nyumbani kimeshindwa? Subiri kidogo. Kuna upande wa pili wa habari. Pale Mombasa, kiwanda cha AVA kimeunganisha magari ya kampuni mbalimbali tangu miaka ya 1970, yakiwemo Land Cruiser za pikapu ambazo ukiziona porini unajua zimefika kazini. Nairobi kuna Isuzu. Rwanda ilianza kuunganisha Volkswagen mwaka 2018. Hapa kwetu Kibaha kuna kiwanda cha GFA kinachounganisha malori ya Kichina. Magari hayo huja vipande vipande kwenye makasha, yakafungwa hapa kwa vipimo vya kiwanda mama. Ukiwekewa mbili mbele yako, iliyofungwa Mombasa na iliyofungwa kwingine, fundi wa kawaida hataona tofauti. Mikono ya Mwafrika si tatizo la ubora.

Tatizo hujitokeza mahali pengine, na wakulima wa nchi hii wanalijua kupitia matrekta. Matrekta ya Ursus kutoka Poland yaliunganishwa palepale TAMCO Kibaha katika miaka ya 2010, kwa matumaini makubwa. Baada ya muda baadhi ya wakulima wakaanza kulalamikia ubora na upatikanaji wa spea. Halafu kampuni mama kule Poland ikafilisika. Hebu jiweke kwenye viatu vya mwenye trekta: kifaa kimesimama shambani, msimu hausubiri, na aliyekitengeneza hayupo tena kupokea simu.

Hapo ndipo somo letu la kwanza lilipo. Gari halikuachi njiani kwa sababu limefungwa Kibaha. Linakuacha kwa sababu nyuma yake hakuna mtu.

IST ni ya ndani... ya Japani

Sasa tuje kwa kipenzi cha wengi. Kwa nini tunaliamini gari la Japani hata likiwa limetumika miaka 10? Sababu ziko wazi. Kwanza, wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Pili, sheria yao inalazimisha ukaguzi mkali: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Mjapani akipiga hesabu anaona heri auze achukue jingine. Gari linatoka mikononi mwake bado zima. Tatu, barabara zao ni nzuri na huduma hufanyika kwa wakati.

Lakini soma tena sababu hiyo ya tatu. Gari lilitunzika kwa sababu lilikuwa kwao. IST, Vitz, Passo na wenzao wengi unaowaona kwenye picha za mtandaoni hawakutengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje. Walitengenezwa kwa soko la Japani, lami laini na petroli safi. Kwa lugha nyingine, mkoko unaouita "wa nje" ni bidhaa ya ndani. Ndani ya nchi ya watu wengine. Ndiyo maana redio yake huishia karibu na 90 FM, na stesheni zako uzipendazo hazishiki mpaka ufunge kifaa cha kuongeza masafa. Redio inarekebishika kwa hela kidogo. Tumbo la gari linalokaribia kugusa ardhi halirekebishiki kirahisi hivyo.

Angalia na injini. Mafundi wengi watakwambia ukae mbali na zile za D4 kama unaishi mbali na mjini, kwa kuwa mfumo wake wa kupuliza mafuta ni mwepesi wa kudhurika na petroli chafu. Vijijini petroli huuzwa kwenye madumu na chupa. Sasa wewe peleka injini yenye maringo kwenye petroli ya chupa, halafu useme Wajapani siku hizi hawatengenezi vitu imara!

Hesabu kabla ya mapenzi

Bei ya mtandaoni ni nusu ya habari. Tuseme TRA imelithamini gari lenu kwa shilingi milioni 10, pamoja na meli na bima mpaka bandarini. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unakuwa milioni 2.5. Kama injini iko kati ya cc 1,000 na 2,000, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 juu ya jumla hiyo ni kama 625,000. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya vyote, takriban milioni 2.36. Mmeshavuka milioni 5 za kodi, na bado hamjagusa tozo nyingine, usajili, ada ya wakala wa forodha na bima ya barabarani.

Kumbukeni mambo mawili. TRA hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, si lazima ile mliyolipa, na kikokotoo chake kiko wazi mtandaoni. Kitumieni kabla ya kutuma hela, maana viwango vinaweza kuguswa kila bajeti. La pili, gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe hubeba ushuru wa ziada wa uchakavu. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007. Fanyeni hesabu wenyewe. Kenya wao wamelimaliza kabisa suala hili: gari lililozidi miaka 8 haliingii.

Kwa hiyo gari la bei poa Japani linaweza kufika Ifakara likiwa na bei ya kukausha mate. Na hapo hamjabakiza kitu cha kulitunza. Hilo ndilo kosa la wapendanao wengi: wanamaliza akiba yote kulileta gari, halafu wanaliendesha miezi sita bila kubadili oili kwa sababu mfuko umetoboka.

La Bongo: limezoea au limechoka?

Gari la mkononi lina faida moja ambayo picha ya mtandaoni haina: unaliona. Unaliwasha likiwa la baridi asubuhi, unaligeuza, unalipeleka kwenye mashimo. Unampeleka fundi wako, si wa muuzaji. Unaondoka nalo siku hiyohiyo, bila wiki za kusubiri meli na kukosa usingizi ukijiuliza kama hela ilimfikia mtu sahihi.

Zaidi ya hapo, yaliyokuwa yaharibike mara ya kwanza yameshaharibika na kutengenezwa. Kama mwenyewe alikuwa mtu wa utaratibu, gari lenye namba C linaweza kukutumikia kuliko lenye namba E lililofika jana.

Ila ukweli usemwe: usanii upo. Mita ya kilomita inarudishwa nyuma. Bodi iliyojaa puti inapigwa rangi mpaka inang'aa kama bwana harusi. Dalali atakwambia lilikuwa la mama mmoja mtu mzima, alilitumia kwenda kanisani tu. Huyo mama ana magari mengi nchi hii! Na kwa bonde letu kuna jambo la kuongeza: mvua za mwaka 2024 zilileta mafuriko makubwa Kilombero. Gari lililozama linaweza kusafishwa na kuuzwa bila neno. Inueni mazulia, nuseni, angalieni kutu kwenye bolti za viti na matope makavu yaliyojificha chini ya dashibodi. Maji yakishaingia kwenye nyaya za umeme, matatizo huja kwa awamu, na kila awamu ina bili yake.

La kuagiza nalo lina siri zake. Msijidanganye kwamba Japani hakuna ajali. Kwenye minada yao kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama. 4 na kwenda juu ni hali nzuri, na herufi R ina maana liliwahi kugongwa likatengenezwa. Muulizeni muuzaji karatasi hiyo. Akianza kuzungusha maneno, hamieni kwa mwingine.

Barabara ndiyo hakimu

Mpaka hapa tumepima gari peke yake. Ila gari haliishi peke yake, na ndiyo maana tumekuja Kilombero.

Miaka kumi tu iliyopita, kumshauri mtu wa Ifakara anunue gari dogo la chini ilikuwa kama kumtania. Kuvuka kwenda Ulanga na Malinyi ulitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama mtoni. Mei 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na habari ya kusubiri kivuko ikabaki ya kusimulia watoto. Mwaka 2024 ikazinduliwa rasmi lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9. Vumbi na tope vilivyokuwa vinameza magari kati ya miwa ya Kidatu na mji wa Ifakara vikapata mpinzani.

Lami hiyo imebadilisha jibu la swali letu. Kama maisha yenu ni nyumbani, kazini, sokoni, na mara mojamoja Morogoro au Dar, gari dogo la Kijapani linatosha kabisa. Msiache mtu awadharau. Harrier ya kuuza sura inakunywa mafuta zaidi na inafika palepale.

Lakini kama mmoja wenu kazi yake inampeleka Mlimba, Malinyi au vijiji vya pembezoni, au mna shamba la mpunga huko ndani, habari ni nyingine. Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, Machi mpaka Mei, hauulizi gari limetengenezwa wapi. Unashika tairi kama gundi. Hapo mnahitaji kitu chenye tumbo la juu na tairi nne zinazovuta, hata kiwe cha zamani: Hilux, Land Rover, au zile Land Cruiser ngumu ambazo mtaani tunaziita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa juu. Bomba hilo si pambo. Injini ikivuta maji badala ya hewa, inaweza kufa palepale.

Hata pikipiki zimetufundisha hili. Vijana wa bodaboda hawachagui pikipiki kwa bendera ya nchi. Wanachagua ile ambayo ikikata cheni Lupiro, cheni yake iko Lupiro.

Kipimo cha mafundi watatu

Kabla ya kuchagua gari, chagueni kwanza mafundi watatu wa mjini kwenu, wasiofahamiana sana. Watajieni aina ya gari na namba ya mwanzo ya chesisi yake, kwa mfano NCP60 kwa IST ya cc 1,300. Kisha waulizeni bei ya vitu vinne: shokapu za mbele, pleti za breki, rejeta, na sensa yoyote ya injini. Fundi anayeifahamu gari atataja bei palepale akiwa anaendelea na kazi yake. Asiyeifahamu atasema, "Ngoja nipige simu Dar."

Wote watatu wakijibu bila kupiga simu, gari hilo ni la nyumbani kwenu, hata kama lilizaliwa Nagoya. Wote wakipiga simu, hilo ni la nje, hata kama lingefungwa Kibaha. Kutoka Ifakara mpaka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ni kama kilomita 400. Spea itapakiwa kwenye basi na itafika, sawa. Ila kila ikifika ile isiyo sahihi mnaongeza siku mbili, na kila siku mbili kuna mtu anayepanda bodaboda na mtoto mgongoni kwenye mvua.

Hiyo ndiyo maana ya uimara kwa familia. Gari la kuaminika ni lile litakalowaka saa nane usiku mtoto akipandisha homa, na hospitali iko upande wa pili wa mji.

Na gari ni la nani?

Tuseme mke ni muuguzi mwenye zamu za usiku, na mume ni mwalimu mwenye shamba Mlimba. Mke anataka gari dogo lisilosumbua, limtoe kazini salama alfajiri. Mume anataka pikapu ya kubeba magunia. Wakianza na ubishi wa Japani au Bongo, hawatafika popote, maana kila mmoja ana gari tofauti kichwani. Waanze na kuandika: nani ataliendesha zaidi, barabara gani, miezi gani, na mara ngapi kwa mwaka magunia yatabebwa. Kama ni mara nne tu, kukodi pikapu siku hizo ni nafuu kuliko kulisha pikapu mwaka mzima. Kama ni kila wiki, basi dada muuguzi ajiandae kupanda juu kidogo.

Kuna na suala la jina kwenye kadi. Wengi hulikwepa kwa kuogopa kuonekana hawaaminiani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja ndoa inapovunjika, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo jina lililo kwenye kadi si mwisho wa maneno. Hata hivyo, tunzeni risiti na kumbukumbu za nani alilipa nini. Hizo ni karatasi za amani. Na kwa wale ambao bado ni wachumba, ongeeni kabla ya kuunganisha hela, siyo baada.

Kabla hamjatoa hela

Tengeni kwanza fungu la matunzo. Ushauri wetu: kwa kila shilingi 10 za kununua, shilingi 2 zibaki pembeni kwa mwaka wa kwanza. Zikikosekana, shukeni daraja la gari.

Kwa la kuagiza: pitieni kikokotoo cha TRA, ombeni karatasi ya mnada, na hakikisheni mnajua utaratibu wa ukaguzi wa TBS na nani anaulipia. Lipeni kwa akaunti ya kampuni, si ya mtu binafsi aliyewatumia meseji.

Kwa la mkononi: linganisheni namba ya chesisi iliyo kwenye gari na ya kwenye kadi, angalieni madeni ya faini za barabarani, andikeni mkataba wa mauziano, na badilisheni umiliki TRA mapema. Gari likiwa bado kwa jina la mwingine, na shida zake zinakuwa na wenyewe wawili.

Likifika, la aina yoyote: badilisheni oili zote mara moja, kagueni mkanda na bushi, na safisheni chujio la hewa, lile mafundi wanaloita ea klina, mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Aliyeandika kitabu hakuwahi kufuata lori la mpunga kiangazi.

Hukumu

Kama mnataka jibu la mstari mmoja, hili hapa: kwa wawili wanaoishi mjini Ifakara na kutembea kwenye lami, gari dogo la Kijapani ambalo kila fundi analijua ndilo chaguo la busara, na la mkononi lenye historia inayoeleweka lina nafasi sawa na la kuagiza, mara nyingi kwa hela pungufu. Kwa wa pembezoni, nunueni ugumu kwanza, mwaka wa kutengenezwa baadaye. Na kwa yale yanayounganishwa kwetu, tusiyadharau wala tusiyanunue kwa wimbo wa taifa. Yaulizwe swali lilelile: spea ziko wapi, na nani atapokea simu mwaka wa tano?

Mchele wa Kilombero haukupata jina kwa kuwa ni wa nyumbani. Ulipata jina kwa sababu aliyeupika jana alirudi kuununua leo. Siku gari la kwetu litakapopita kipimo hicho, hakuna atakayehitaji kushawishiwa. Mpaka hapo, kaeni mezani wawili, chakula kikiwa bado cha moto, na muanze na barabara.